Friji ya Jovina na Plagi Janja

Kila asubuhi Jovina alifungua friji yake na kutoa maziwa mgando. Wateja wake walikuwa watu wanaokwenda kuwaona wagonjwa hospitalini, pale Biharamulo mjini. Friji ile aliipata kwa jasho lake mwenyewe.

Mwaka huu umeme ukawa unaisha upesi. Mumewe, Nshoma, akaleta kipima umeme. Kilifungwa kwenye meinswichi, nacho huonyesha kwenye simu ni chombo gani kinakula umeme. Akaleta na plagi janja moja, inayopima umeme unaopita ndani yake na kuupeleka kwenye simu. Aliichomeka ukutani, akaipa jina “Friji” kwenye simu. Kisha akaunga ekstensheni juu yake: upande huu friji, upande ule hita mpya ya maji yake ya kuoga. Bwana huyu na maji baridi haziivi.

“Mama Wema, friji yako ndiyo inatumaliza,” alisema. “Simu imeonyesha.”

“Friji ni ya siku zote, Baba Wema. Kilichoongezeka ni hita.”

“Unabishana na mtambo?”

Friji ikauzwa kwa mtu wa kijijini Bisibo. Jovina aliitazama ikipakiwa, moyo ukamuuma sana.

Umeme ukaendelea kuisha. Na simu ikaendelea kuonyesha: “Friji”.

“Friji iko Bisibo! Inakulaje umeme wetu?” Nshoma alishangaa. Jovina akacheka kicheko kichungu, akaenda kumwita Teddy, fundi umeme.

Teddy akatazama ekstensheni.

“Kipima hutambua chombo kwa namna kinavyovuta umeme kikiwaka na kikizimwa,” alieleza. “Ila kikipata plagi janja, hakitafuti tena. Kinaamini jina mliloandika. Chochote kinachopita hapa kitaitwa friji.”

“Hata hita?” Nshoma aliuliza, sauti imepungua.

“Hata pasi. Plagi janja moja, chombo kimoja. Ukibadilisha chombo, badilisha jina. Na hita usiiweke kwenye ekstensheni, itawaunguzia nyumba.”

Hita ikahamishiwa soketi yake ya ukutani. Baada ya muda kipima kikaitambua chenyewe. Kumbe hita ndiyo iliyokuwa mlaji. Sasa Nshoma anachemsha maji kwa kuni, na umeme unakaa.

“Nitakutafutia friji nyingine,” alimwambia mkewe.

“Nilikwambia mimi, hukusikia. Ukangoja uambiwe na simu.”

Wenye wagonjwa bado wanapiga hodi asubuhi, wakiulizia mgando. Jovina hanyanyuki.

“Nenda wewe, Baba Wema,” husema. “Waeleze kwa nini hakuna.”