Aliyetembea na Kilimia

Jioni ile Sabra alishuka kwa Fidelis kuchukua betri yake, shughuli ya dakika kumi tu, kwenda na kurudi.

Fidelis alikuwa mkulima wa kabichi, na ndiye pekee pale kijijini Lubangwe aliyekuwa na sola kubwa ya kuchajia vitu vya watu. Siku zote alimpokea Sabra kwa maneno mengi na kumpa kiti. Siku hiyo alimnyooshea betri kwa mbali, akarudi nyuma hatua mbili.

"Kuna nini, kaka Fidelis?"

"Kesho ukoo wenu unakaa kikao." Alikuwa anatazama vidole vya miguu yake. "Wanamtoa mama yako kijijini."

"Amefanya nini?"

"Ile taa nyekundu, dada. Kule juu ya shamba lake. Mwezi ukiwepo haiwaki. Giza likiingia, hiyo... Na mwanangu ameshikwa na degedege mara mbili mwezi huu. Lisemwalo lipo. Kama halipo, laja."

Sabra alicheka, na kicheko chenyewe kikamtoka vibaya.

"Taa ile ni yangu! Naivaa kipajini nikipiga picha za nyota. Ni nyekundu kwa sababu nyeupe inaharibu macho gizani. Basi mchawi wenu ni mimi."

Fidelis alipiga ishara ya msalaba, akafunga mlango. Sabra alibaki na betri mkononi na hasira kifuani, na hasira ndiyo ilikuwa nzito zaidi.

Mjini, mtaa wa Mafiga, alikuwa na studio ndogo ya picha za pasipoti na harusi. Lakini taa za mji zinameza nyota, kwa hiyo kila mwisho wa wiki usio na mwezi alipanda milimani kwa mama yake. Kwa miezi miwili alikuwa akiliwinda wingu la vumbi linaloizunguka Kilimia, lile kundi la nyota ambalo mababu walilitazama kujua wakati wa kulima. Wingu lenyewe jicho halilioni. Unapiga picha nyingi, kila moja dakika mbili, huku mota ndogo ikiigeuza kamera taratibu ifuate mwendo wa nyota. Kisha kompyuta inazipandanisha zote, moja juu ya nyingine, mpaka kile kilichofifia kikubali kujitokeza. Zilibaki saa mbili tu za kupiga.

Alimkuta mama yake, Asia, akichambua maharage jikoni.

"Mama, ulijua habari ya kesho?"

"Nilijua." Asia hakuinua uso. "Leo usiende, mwanangu. Usiwashe hiyo taa. Kaka Kibwana ndiye mkubwa wa ukoo."

Naam, Mjomba Kibwana. Kwa Waluguru ardhi hufuata tumbo la mama. Shamba lile Asia alilirithi kwa mama yake, na Sabra angelirithi kwake. Ila Asia akifukuzwa kwa uchawi, wa kuligawa upya angekuwa kaka yake, na Kibwana hakuwa mtu wa kujisahau kwenye mgao.

"Nitaiwasha," alisema Sabra. "Na kesho nitawawekea picha mbele yao, waone kilichokuwa kinafanyika kule juu. Hutoki hapa, mama. Labda watutoe wote wawili."

Alipanda.

Ilikuwa Januari, vuli imekwisha na masika bado, na anga lilikuwa safi kabisa. Alisimamisha tripodi mahali pale pale pa siku zote, kamera ikitazama mgongo wa kilima uliosimama mbele yake, mweusi, mrefu, unaoishia upande wa kushoto kwenye genge, mwamba uliokatika ghafla. Juu ya mgongo huo Kilimia ilikuwa inang'aa. Saa mbili kamili alibonyeza kitufe.

Picha ya kwanza. Ya pili. Ya tatu.

Kisha akasikia.

Shaa... shaa... paa.

Alidhani ni upepo. Lakini majani hayakutikisika.

Shaa... shaa... paa.

Sauti ile anaijua kila aliyekulia shamba. Mtu alikuwa anapepeta. Juu kabisa, kwenye mgongo wa kilima, ambako hakuna nyumba wala njia, mtu alikuwa anapepeta mpunga gizani!

Harufu ikaja baadaye. Pumba mpya, kavu, tamu. Na mpunga wa mwaka ule ulikuwa shambani bado, kijani kibichi, haujafika hata magotini.

Kitu chepesi kilimgusa mkono. Akakimulika kwa taa yake nyekundu.

Kapi la mpunga.

Likaja jingine. Yalikuwa yanashuka kutoka juu, machache machache, yakitua begani, kwenye nywele, kwenye kioo cha kamera. Sabra aliogopa. Tusimsifie ushujaa asiokuwa nao: alishika mti, akaitazama njia ya kuteremkia nyumbani. Lakini alimfikiria mama yake akiteremka na furushi kichwani huku watoto wa watu wakimrushia mawe. Hofu haikuondoka. Ila ilipata mwenzake wa kubishana naye.

Alipuliza kapi kwenye kioo.

"Hapa ni kwetu," alisema kwa sauti. "Siondoki."

Kule juu kukanyamaza... kama mtu aliyegeuza shingo kusikiliza. Kisha kupepeta kukaendelea, sasa kukisogea taratibu kuelekea kushoto, kuelekea gengeni. Sabra alikaa chini, akakumbatia magoti, akahesabu picha hadi ya sitini. Saa nne ndipo alipofungasha.

Nyumbani hakulala. Alizipakia picha kwenye kompyuta na kuiachia programu ifanye kazi yake. Programu ile haina huruma na kipita njia. Inalinganisha picha zote, na kisichokaa mahali pamoja na nyota hukitupa: popo, ndege, kimondo, taa ya mtu. Mwishoni hubaki anga tu.

Alfajiri ilimaliza.

Wingu lilikuwepo! Ukungu wa buluu na kahawia umetanda kuizunguka Kilimia, mzuri hata machozi yakamlenga. Chini yake mgongo wa kilima ulikuwa umefifia kingo, na ndivyo inavyotakiwa, maana kamera ilifuata nyota na kilima hakiendi popote.

Na chini ya Kilimia alisimama mtu.

Mweusi. Wazi kabisa, kingo zake hazikuyumba hata kidogo. Mwanamke, kwa namna alivyojifunga khanga. Kichwani amebeba kitu cha duara, bapa.

Sabra alizifungua picha mojamoja. Ya kwanza: mtu yupo kilimani, chini ya Kilimia. Ya ishirini: Kilimia imesogea kushoto juu ya kilima, na mtu amesogea nayo. Ya arobaini: bado yupo chini yake. Kwa saa mbili alikuwa ametembea kwa mwendo wa nyota, sawasawa, bila kukosea hatua; ndiyo maana programu haikumtupa.

Ya arobaini na saba, kilima kiliishia gengeni.

Mtu hakuishia. Aliendelea, na chini ya nyayo zake palikuwa na nyota.

Alihisi pumzi nyuma ya shingo. Alikuwa mama yake. Asia alitazama mara moja tu, akaziba mdomo kwa ncha ya khanga.

"Unamjua, mama?"

"Mfute." Alinong'ona. "Si unaweza kumfuta?"

Aliweza, kwa dakika moja tu. Picha ingebaki safi, taa nyekundu ingepata maelezo, kikao kingekwisha. Akiiacha, watasema ndiyo ushahidi wenyewe, mchawi huyu hapa. Kidole chake kilikaa juu ya kitufe kwa muda mrefu. Lakini katika picha zake za anga Sabra hakuwahi kuongeza nyota wala kupunguza, na asubuhi hiyo hakutaka kumtetea mama yake kwa uongo mbele ya waongo.

"Simfuti," alisema.

Kikao kilikaa barazani kwa Kibwana.

"Shikamoo, mjomba," alisema Sabra. Kibwana hakuitikia. Alikohoa, akasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na kwamba dada yake ameonywa kimyakimya na hakusikia. Watu wakatikisa vichwa.

Sabra hakungoja zamu. Alisimama katikati, akavaa taa yake kipajini, akaiwasha. "Hii ndiyo taa mliyoiona. Na hiki ndicho nilichokuwa nakipiga picha." Akaiweka kompyuta kwenye magoti ya mjomba wake.

Kibwana alianza na tabasamu la dharau. Kisha macho yake yakashuka chini ya Kilimia.

Tabasamu lilikufa. Akaifunika picha kwa kiganja.

"Nani huyo, mjomba?"

Kibwana alimtazama dada yake.

"Mwambie mtoto," alisema Asia. Wengi hawakuwahi kumsikia akipaza sauti. "Husemi? Basi nitasema mimi. Ni mama mdogo Maimuna. Mwaka wa El Nino mlisema anakula watoto. Wewe, Kibwana, kwa mikono yako, ulimtwika ungo kichwani, ukasema hiyo ndiyo ndege yake, apande arudi kwa wachawi wenzake. Tukamfukuza juu kilimani kwenye mvua. Mimi pia nilikuwepo. Nilinyamaza. Hakuonekana tena. Na shamba lake ndilo hili ulilojengea baraza."

Fidelis, aliyekuja kusikiliza, alivua kofia.

"Futa," alisema Kibwana kwa sauti kavu. "Futa hiyo picha, mwanangu."

"Sifuti. Na mama hatoki."

Hakuna aliyefunga kikao. Watu waliondoka mmoja mmoja, bila kuagana, na aliyetazama kilimani alijuta na kuharakisha hatua.

Magharibi, Asia akikunja mkeka wa kuswalia, Kibwana alitokea uani. Alikuwa pekupeku. Nywele zake zilikuwa zimejaa makapi.

"Yupo nyumbani kwangu," alisema. "Tangu alasiri. Mke wangu amekimbilia kwao. Anapepeta ndani... chumbani... Sabra, mpwa wangu, wewe umekaa naye kule juu na hakukudhuru. Mwambie arudi alikokuwa."

"Mlimfukuza nyinyi," alisema Sabra. "Mimi simfukuzi mtu."

Kibwana alimgeukia dada yake. Asia alijifunga khanga kiunoni, taratibu, kama anayekwenda msibani.

"Twende, kaka. Nitakusindikiza. Lakini utakayeongea ni wewe."

Walikwenda watatu. Nyumba ya Kibwana ilikuwa giza, mlango umerudishiwa. Sauti ilikuwa ikitoka ndani, bila haraka. Shaa... shaa... paa.

"Piga hodi," alisema Asia.

"Nyumbani kwangu?"

"Piga hodi, Kibwana."

Mtu mzima yule, mkubwa wa ukoo, alisimama mbele ya mlango alioutengeneza mwenyewe. Akagonga kwa kidole kimoja.

"Hodi..."

Kupepeta kukakoma.

Walisubiri. Kisha ndani, karibu sana na mlango, mwanamke mzee aliitikia kwa upole.

"Karibu, mwanangu."

Kibwana hakusogea. Asia aliweka kiganja mgongoni kwa kaka yake, akamsukuma kidogo.

"Ingia," alisema. "Umeshakaribishwa."