Vitabu Saba Kabatini

Mvua ilikuwa ikinyesha kijijini Mabira tangu alfajiri. Cleophace aliota moto jikoni. Binti yake mkubwa, Benadeta, alikuwa akimenya ndizi. Mdogo wake, Ainembabazi, aliyekuwa kidato cha kwanza, aliingia na karatasi ya matokeo. Akasita mlangoni.

"Kiingereza umepata ngapi?" baba aliuliza.

"Sita."

"Sita kwa ngapi?"

"Kwa mia, baba."

Cleophace akasonya. "Basi. Jumatatu huendi shule. Utashika jembe kama dada yako. Nyote wawili vichwa vigumu!"

Benadeta aliweka kisu chini. Jambo hili alikuwa nalo moyoni kwa miaka mitatu, tangu alipoachishwa shule hiyohiyo.

"Baba, sisi hatukuwa na mwalimu wa Kiingereza. Na hawa hawana. Tulikuwa tunanakili tu. Na masomo mengine karibu yote ni kwa Kiingereza hichohicho."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa umeshika fimbo, baba."

Usiku Cleophace hakupata usingizi. Asubuhi alikwenda kwa jirani yake, Mama Costansia, mwalimu mstaafu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Karibu."

Akamweleza yote. Mama Costansia akatikisa kichwa.

"Mwaka jana aliletwa mwalimu wa Kiingereza, akahamishwa Januari. Darasa lina watoto tisini na mmoja. Vitabu ni saba, na vimefungiwa kabatini visipotee. Mtoto hajafundishwa, unamwitaje mjinga?"

"Sisi wakulima tutafanya nini?"

"Ombeni mkutano na mkuu wa shule. Vitabu vitolewe, watoto wasome kwa makundi. Bodi ya shule imwandikie mkurugenzi wa halmashauri, iombe mwalimu. Mkuu akiniruhusu, nitafundisha siku mbili kwa wiki."

Cleophace alimruhusu Ainembabazi arudi shule, kisha akapita nyumba kwa nyumba kuwaita wazazi. Walifika kumi na wanne tu. Mkuu wa shule alifungua kabati mbele yao. Vitabu viwili vilikuwa vimeliwa na mchwa. Siku hiyohiyo bodi iliandika barua.

Mkuu aliridhia, na Mama Costansia akaanza kazi. Alikata maboksi ya sabuni, akaandika maneno juu yake kwa herufi kubwa. Hakuwaacha watoto wanakili tu. Aliwataka waulizane na kujibizana kwa Kiingereza, hata wakikosea.

Mwisho wa muhula Ainembabazi alipata thelathini na tisa. Barua ilikuwa bado haijajibiwa. Wazazi wakaomba iandikwe ya pili, na safari hii walikuwa hamsini.

Jioni moja Ainembabazi aliwasomea nyumbani ukurasa mzima, bila kukwama. Benadeta alisikiliza huku akipepeta maharage. Midomo yake ilifuata maneno machache aliyoyajua.

Cleophace akamgeukia.

"Benadeta, mwanangu, nilikukosea."

"Ndiyo, baba," Benadeta akajibu.

Akaendelea kupepeta.