Imo au Haimo

"Mwanangu, nyumba namba 1 na nyumba namba 17 ni za familia moja, kwa kuwa zote zinaanza na moja?"

Jirani yetu, fundi wa mitandao ya kompyuta, alimuuliza hivyo binti yangu. Ilikuwa Jumamosi. Mimi nakunja mashuka ya hospitali niliyoshona, binti kainamia kompyuta, chai yake imepoa.

Binti yangu hutunza kompyuta za hospitali hiyo. Aliandika skripti, yaani amri zinazojiendesha zenyewe. Simu au kompyuta ikiomba mafaili ya wagonjwa, skripti hutazama anwani yake, yaani namba zinazoonyesha iko kwenye mtandao gani. Ya mfanyakazi hupita, ya mgeni hukataliwa. Lakini juzi mgeni mmoja, kwa simu yake, alifungua faili la mama asiyemjua. Mkubwa wa ofisi akawaka: "Jumatatu naijaribu mwenyewe kwa mtandao wa wageni. Ikinipitisha, kazi huna."

"Uliiambiaje?" jirani akauliza.

"Anwani ikianza na 10.4.1, ni ya mfanyakazi."

"Na mtandao wa wageni?"

"10.4.17." Binti akashika kichwa. "Mungu wangu! Nayo inaanza na 10.4.1!"

Nikasema, "Kumbe hata kompyuta huangalia sura tu?"

"Kama shemeji yangu, shoga!" Jirani akacheka, kisha akamgeukia binti. "Usilinganishe maandishi. Mtandao una mipaka, kama kiwanja. Andika 10.4.1.0/24. Hiyo 24 inaonyesha mpaka: kutoka 10.4.1.0 hadi 10.4.1.255. Lugha ya kompyuta unayoandikia ina chombo cha kupiga hesabu hiyo. Kiulize: anwani hii imo au haimo? Halafu jaribu ya ndani, ya nje, na za mpakani."

Binti akarekebisha, akajaribu zote. Chai hakuinywa.

Jumatatu nilipeleka mashuka wodini. Mkubwa alisimama katikati ya wageni waliokaa benchini, simu yake kwenye mtandao wao. Nikamwomba Mungu kimoyomoyo.

Simu ikaandika: *Huna ruhusa.*

"Bahati tu," akasema.

"Jaribu nyingine, mzee," binti akajibu.

Akaazima simu ya mgeni mmoja. Ikakataa. Akaazima nyingine. Ikakataa. Mkunga akabonyeza kompyuta ya wodi, na faili likafunguka papo hapo.

"Mzee, na yangu je?" akauliza bibi mmoja, akimnyooshea simu. Benchi zima likaangua kicheko.

Binti yangu alisimama wima, machozi yakimlenga. Nikasema, "Ahsante Mungu," safari hii kwa sauti.

Mkubwa akatia simu mfukoni, akatoka.