Shangazi Alibaki Kundi la Pili

Waligongana kwenye dirisha la dawa saa nne asubuhi, foleni ikiwa imefika hadi mlangoni. Muuguzi alivaa gauni jeupe lililonyooka kwa pasi. Mtakwimu, shati lilikuwa limemchomoka nyuma.

"Kaka, hilo shati limetoroka kazini?"

"Limekuona wewe, likasahau adabu."

Kumbe wote walikuwa kwenye utafiti mmoja wa dawa mpya ya pumu: muuguzi akigawa vidonge, mtakwimu akichambua matokeo. Mwezi haukuisha, wakawa wanapigiana simu bila sababu.

Kisha vipimo vya damu vikaja. Mgonjwa namba hamsini na tatu, aliyepangwa kwa kura kundi la pili, la dawa ya zamani, alikutwa na dawa mpya mwilini. Aliyempa dawa alikuwa muuguzi.

Mtakwimu akampigia. "Mpenzi, huyu hamsini na tatu…"

"Ni shangazi yangu," muuguzi akamkatiza. "Ndiye aliyenilea. Alikuwa anakabwa pumzi mbele ya macho yangu. Ungefanyaje?"

"Sijui."

"Basi mtoe kwenye utafiti. Au mhamishie kundi la dawa mpya, si ndiyo aliyokunywa?"

"Nikianza kuhamisha watu, ile kura ilikuwa ya nini? Atabaki alikopangwa. Na lazima niandike kilichotokea."

"Hivi umenipenda, au umenihesabu?" Simu ikakatika.

Siku tatu mtakwimu alijifungia ofisini, penye dirisha lisilofunguka. Akiandika, anamfukuzisha kazi mpenzi wake. Asipoandika, anawadanganya watu asiowajua, watakaomeza dawa hiyo kwa kuamini hesabu zake. Alipiga simu, haikupokelewa. Siku ya nne akaandika ripoti, akampelekea mkuu wa utafiti.

Mkuu akaisoma, akashusha pumzi. "Mwenzio alileta barua yake jana, akakiri yote. Tumemsimamisha."

Safari hii simu ilipokelewa.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilitaka kujua kama ungeandika."

"Nimeandika."

"Nilijua tu. Ndiyo maana nalia."

"Uko wapi?"

"Kwa shangazi. Anataka kumwona huyo mwanamume aliyekataa kumhamisha."

"Mwambie nakuja na wajomba zangu."

"Kumposa muuguzi asiye na kazi?"

"Huyo huyo."

Kisha kicheko kilicholowa machozi.

"Njoo kwanza peke yako. Bado sijakusamehe."