Kiti Kilichorudi Bila Kukaguliwa

Kiti kilifika stoo nyuma ya gari la mizigo lisilo na turubai, mvua imekinyeshea njia nzima na maji bado yanachuruzika kwenye spoku. Fundi alikishusha, akakifuta kwa tambara, kisha akaweka kiganja juu ya mto wa kukalia. Mto ulikuwa mkavu. Tena ulikuwa na joto, lile joto la kiti ambacho mtu ameinuka sasa hivi kwenda kufungua mlango.

"Hakihitajiki tena," alisema mwanamume aliyekileta, mtu wa makamo mwenye koti lililombana kwapani.

"Pole sana," fundi akamjibu, maana wengi wanaorudisha viti vya magurudumu huwa wametoka kuzika.

Yule bwana alifungua kinywa kama mwenye neno, akalitazama gari, akakitazama kiti, akalimeza neno lake na kuondoka.

Stoo ile ilikuwa nyuma ya hospitali. Magongo, fremu za kutembelea, vitanda vya kuinuka na viti kama hiki vilirudishwa pale na watu ambao hawakuvitaka tena, vikaoshwa, vikatengenezwa, vikapewa wengine. Ni kazi ya heri, mtu asije akasema nimeikashifu. Ilikuwa na sharti moja tu. Kabla kifaa hakijatolewa tena, fundi ilimpasa aende mwenyewe hadi nyumba kilikotoka, amwone kwa macho aliyekuwa akikitumia au aoneshwe kaburi, kisha ajaze fomu: amepona, amebadilishiwa, au amefariki.

Sasa huyu fundi alikuwa na mama. Kiharusi kilimpiga mama huyo miaka miwili nyuma, kikamchukua miguu yote, kikamwachia mikono milegevu na maneno mazito yanayotoka nusu nusu. Kila asubuhi mwanawe alimbeba mgongoni kumtoa nje, na kila jioni akambeba kumrudisha. Kwenye foleni ya viti mama alikuwa wa kumi na tisa. Na kiti hiki kilikuwa kizima, breki zake kali, sehemu ya miguu haijalegea. Faili likikaa mezani siku mbili tatu, msimamizi angekitoa kwa mtu wa kwanza kwenye foleni. Mwenye kisu kikali ndiye mla nyama, na siku ile kisu kilikuwa kalamu. Fundi aliandika kwamba amefika, ameona, na mtumiaji amefariki, na chini yake akaandika jina la mama yake kama mpokeaji. Hakutoka hata nje ya geti.

Bibi Dawa, mwoshaji wa stoo, aliyepewa jina hilo kwa sababu alinukia dawa ya kuulia vijidudu hata siku za mapumziko, alikuwa amekizunguka kiti mara mbili bila kukigusa.

"Umefika kwao?" aliuliza.

"Nimefika."

"Viatu vyako havina tope, na nje mafuriko."

"Bibi, wewe osha. Mambo ya viatu vyangu niachie."

"Kinanuka maziwa yaliyochacha. Nimeosha viti miaka kumi na sita, hiyo harufu siijui. Nenda kwao, mwanangu. Mdharau mwiba mguu huota tende."

Fundi alicheka, akakiosha mwenyewe.

Wiki ya kwanza ilikuwa sikukuu. Mama alisukumwa hadi barabarani, akamwona muuza mkaa, akamwona fundi viatu, akacheka upande mmoja wa uso kwa kuwa wa pili haukumtii. Fundi alilia pale pale, wala hakuona aibu. Siku ya nane, akiwa anamfunika mapaja kwa khanga, mama akamshika kidole.

"Mwambie… ashuke."

"Nani, mama?"

"Huyu… aliyenikalia."

Fundi alitazama yale mapaja membamba. Khanga ilikuwa imebonyea katikati. Akaikung'uta, akaitandika upya, akasema ni damu kutotembea vizuri, na siku ile akaenda kazini akiwa amechelewa.

Tangu hapo kiti kikawa kizito. Alitia grisi beringi, akabadilisha tairi, tairi zikalala chini mchana ule ule. Siku ya kliniki walimpandisha mama na kiti chake kwenye ile mizani pana ya sakafuni. Mama alikuwa kilo arobaini na moja, kiti kilo kumi na nane, hesabu ya mtoto wa darasa la pili. Mizani iliandika mia na kumi na mbili.

"Mizani imeharibika," muuguzi akasema. Alipanda yeye, mizani ikampa kilo zake alizozizoea. Akampandisha mama tena. Mia na kumi na nne.

Muuguzi aliacha nafasi ile kwenye kadi wazi, akasema kwa sauti ya chini, "Mpeleke nyumbani, kaka. Kapumzikeni."

Siku iliyofuata, saa nane mchana, jua kali na redio ya jirani ikitangaza mpira, fundi aliinama kumwinua mama ampeleke kitandani, akapitisha mkono nyuma ya mgongo wake kama alivyofanya mara elfu, na breki zote mbili zikajifunga zenyewe, ta, ta, na ile harufu ya maziwa ikapanda kutoka kwenye mto ikamjaa puani, na chini ya kiganja chake, kati ya mgongo wa mama na mgongo wa kiti, pahali ambapo hapakuwa na nafasi hata ya kupitisha karatasi, akausikia mgongo mwingine, mpana, ukivuta pumzi taratibu kwa mwendo ambao haukuwa wa mama.

"Acha," kinywa cha mama kikasema. Neno zima, halikukatika, halikukwama. "Tumekaa."

Fundi alirudi kinyumenyume mpaka ukuta ukamzuia. Mama akamtazama, machozi yakimtoka jicho moja, na kinywa kilekile kikiwa kinatabasamu pande zote mbili.

Fundi alimwacha mama hapo hapo kitini, akamkuta Bibi Dawa kwenye karo la stoo. Hakujitetea.

"Sikufika kwao," alinong'ona. "Nilidanganya."

"Najua."

"Njoo umtoe, Bibi. Soma, fukiza, fanya chochote."

"Mimi naosha viti," Bibi Dawa akasema, akifuta mikono. "Siwezi kumtoa nisiyemjua. Twende tukamuulize anayemjua. Anwani si ipo kwenye fomu?"

Nyumba ilikuwa juu ya kilima, mwendo wa dakika arobaini. Dakika arobaini tu, na fundi alizihesabu zote. Aliyefungua mlango ni yule bwana wa koti. Kabla hajasema lolote, sauti ya kike ikaita kutoka nyuma yake.

"Ni mtu wa stoo? Mwache apite!"

Alikuwa mwanamke mzee, mzima kabisa, ameketi sakafuni anashona vifungo vya shati. Miguu yake ilikuwa imekauka kama fimbo. Mikononi alikuwa amevaa ndala, na kwa ndala hizo alijikokota haraka hadi miguuni pa fundi.

"Shikamoo, mama," fundi akasema.

"Marahaba. Nimekungoja wewe! Siku nne nilikaa hapo mlangoni, nikaambiwa fundi lazima aje kukagua. Ulikuwa wapi?"

"Nilikuandika… nilikuandika umefariki."

Mzee yule alicheka mpaka akakohoa. "Umeniua ili usipande kilima?" Kisha akaona uso wa fundi, kicheko kikakoma. "Nani amekikalia?"

"Mama yangu."

Akamgeukia mwanawe. "Nilikwambia uwaambie wakikate kwa msumeno! Hukuwaambia?"

"Ningesemaje, mama?" yule bwana alinong'ona, macho chini. "Hospitalini, mbele za watu, niseme kiti kina jini? Nilijua fundi atakuja, utamwambia mwenyewe."

Basi hivyo ndivyo ilivyokuwa. Mmoja aliona haya, mwingine aliona njia ni ndefu, na mzigo ukamwangukia mama wa watu ambaye hakuulizwa kitu. Nikiwafikiria wale wanaume wawili wamesimama pale, hasira hunipanda hadi leo.

Yule mzee alimvuta fundi suruali, akamkalisha chini. Alizungumza upesi, kwa sauti ndogo.

"Sikiliza. Alinikalia miaka kumi na moja. Kwanza mapajani, kisha mgongoni. Akashika na ulimi, akawa ananijibia wageni. Lakini ndani hakuingia, maana huingia kwa ruhusa tu. Kila siku aliniahidi miguu. 'Niruhusu, nitakutembeza.' Nikamkatalia. Siku moja nikajitupa sakafuni mwenyewe, na sakafuni hanifuati. Mama yako anaweza kujitupa?"

"Mikono yake haina nguvu."

"Basi kama umemfunga mikanda ikate, mpindue na kiti chake, lolote. Ila kwanza mwambie asikubali. Umesikia? Akimwahidi miguu, asikubali. Tumeshamaliza maneno, kimbia!"

Fundi alikimbia. Alishuka kilima kile akiwa ameacha kiatu kimoja kwenye tope, Bibi Dawa akimfuata nyuma kwa mbali huku akiita jina la Mungu, na njia nzima alirudia neno moja kama mtoto aliyetumwa dukani, asikubali, asikubali, asikubali, akapita sokoni akapiga vikumbo watu na meza, akapita hospitalini, akakata kona ya mtaa wao, na hapo akasikia vigelegele, vigelegele vya wanawake wengi, na watu wamejaa barabarani kana kwamba kuna harusi, akapenya katikati yao kwa viwiko.

Mama alikuwa amesimama.

Alikuwa anatembea, kichwa juu, mgongo umenyooka, hatua ndefu za mtu mwenye miguu mirefu kuliko yake. Nyuma yake, uani, kiti kilikuwa kitupu.

"Fundi, Mungu amekuona!" muuza mkaa alimpiga begani. "Miaka miwili umembeba! Hongera, baba!"

"Mkumbatie mama yako!" wakapiga kelele. "Mkumbatie!"

Mama alifika, akafungua mikono ambayo kwa miaka miwili haikuweza kushika kikombe, akamkumbatia kwa nguvu hadi mbavu zikamlia. "Mwanangu," alisema kwa sauti kubwa, safi, ili mtaa mzima usikie, "mama yako amepona."

Makofi yakalipuka. Na katikati ya makofi hayo, mdomo ukiwa umegandamana na sikio lake, sauti nyingine ikaja kutoka mbali sana, nzito, maneno yakitoka nusu nusu.

"Aliniambia… utapumzika. Kunibeba. Nikasema… ndiyo."

"Mama," fundi akasema.

"Ni giza… humu. Nibebe, mwanangu."

Aliinama kumbeba, kama alivyozoea kila asubuhi na kila jioni, na mikono iliyomkumbatia ikamzuia asiiname. Watu waliona wanavyoyumba, wakadhani wanacheza, wakaanza kuwaimbia.