Gitaa Lililopigiliwa Ukutani

Gitaa lilikuwa la moto. Hilary Entwistle aligundua hivyo Jumanne asubuhi, alipolisogeza kwenye kochi apate pa kukaa na chai yake. Nje, vioo vya magari vilikuwa vimeganda barafu, na hita ya sebuleni ilikuwa haijawashwa, lakini ubao wa gitaa ulikuwa na joto kama la kitanda ambacho mtu ametoka kuinuka sasa hivi. Akanusa kiganja chake. Kilinuka chuma na jasho.

"Barry!" akaita. "Umelala na hili dude?"

"Sijaligusa," mumewe akajibu kutoka jikoni. "Nyuzi zenyewe zina kutu ya miaka arobaini. Leo ndiyo nabadilisha."

Akaja na mkate wake mkononi, akapitisha kidole gumba kwenye nyuzi. Zikalia safi, kila uzi na sauti yake inayotakiwa. Wakatazamana. Barry akacheka kidogo, kisha akaacha.

Gitaa lilikuwa la marehemu Royston Hargreave. Ukitoka nje ya Accrington na miji michache ya jirani, jina hilo halimwambii mtu kitu. Alipiga rock miaka sita, akatoa santuri mbili, akafa mwaka 1978 akiwa na miaka thelathini na moja, katika chumba cha nyuma nyumbani kwa dada yake. Kila magazeti yalipoorodhesha wapiga gitaa mia bora wa Uingereza, Royston hakuwemo hata mkiani. Jambo hilo liliwauma Barry na wenzake kumi na saba, wazee watupu, waliokutana kila Novemba ghorofani kwenye baa ya Wafumaji kusikiliza zile santuri mbili, kula pai na njegere, na kugombana kuhusu onyesho lipi lilikuwa kali zaidi. Kiongozi wao, fundi bomba mstaafu aitwaye Gordon Stansfield, alikuwa amewaandikia wahariri barua zisizo na hesabu.

Mwaka huo dada yake Royston, Bi Edna, alihamishiwa nyumba ya wazee. Mafundi walioingia kukarabati nyumba yake walilikuta gitaa ndani ya ukuta, nyuma ya mbao zilizopigiliwa misumari mirefu. Likamfikia Gordon, naye akampa Barry alitengeneze kwa ajili ya mkutano. Barry alikuwa tarishi wa posta miaka thelathini na minne. Baridi ya alfajiri ilikuwa imemkakamaza vidole, na alichojua kupiga ni nyimbo mbili za Krismasi, tena kwa kubahatisha.

Alhamisi jioni, Hilary akirudi kutoka sokoni, alisikia muziki tangu kwenye kona ya mtaa. Akadhani ni santuri. Alipofungua mlango alimkuta mumewe amekaa kwenye kiti cha jikoni, macho yamemtoka, vidole vinakimbia juu ya nyuzi kama vya mtu mwingine, na gitaa halikuunganishwa na spika yoyote, ila sauti ilikuwa imejaa nyumba nzima hadi vijiko vilikuwa vinatetemeka kwenye droo.

"Barry?"

Hakugeuka. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kidevuni.

Kesho yake mashabiki wote walikuwa sebuleni kwake. Walikaa kwenye kochi, kwenye ngazi, sakafuni, na makoti yao yenye umande. Hakuna aliyekohoa. Barry alipiga tangu asubuhi mpaka taa za barabarani zikawaka, na kila walipofumba macho kwa raha, ile harufu ya chuma ilizidi.

Hilary akamvuta Gordon hadi jikoni.

"Waambie waondoke. Hajala tangu jana. Vidole vimechanika, unaona damu ile?"

"Naona, shemeji." Gordon alikuwa analia na kutabasamu kwa pamoja. "Ni Royston yule. Nilimsikia kwa masikio yangu nikiwa na miaka kumi na sita. Amerudi kwetu, unaelewa? Kwetu sisi tuliomkumbuka!"

"Yule ni mume wangu, Gordon! Tarishi! Unamjua tangu shule!"

"Jumamosi tu. Mkutanoni wanakuja watu mia mbili, na redio inakuja. Jumamosi tu, halafu apumzike."

Daktari aliyeitwa hakusaidia sana. Alisema ni uchovu na msongo, akaacha vidonge. Hilary akamnyang'anya Barry gitaa, akalifungia kwenye buti ya gari. Aliporudi ndani alimkuta mumewe anakwaruza ukingo wa meza kwa kucha, na muziki ukitoka vilevile, haukupungua hata kidogo, na alipomshika mikono yote miwili akaibana kifuani kwake kwa nguvu zake zote, aliusikia ukiendelea ndani ya mifupa ya mumewe, mtamu, mtamu kuliko kitu chochote alichowahi kusikia, mpaka akajikuta yeye mwenyewe ameinamisha kichwa ili asikie vizuri zaidi.

Hapo ndipo alipoogopa kwelikweli.

Kabla hakujapambazuka Barry alifungua macho yake ya kawaida. Alinong'ona haraka, kama mtu anayeogopa kumwamsha aliyelala chumba kimoja naye.

"Hil, limesinzia. Nisikilize. Siyo Royston hili."

"Ni nini basi?"

"Sijui. Royston naye yumo. Limemshika kama lilivyonishika mimi. Namsikia huko chini anaomba atoke." Akamshika shavu kwa vidole vilivyofungwa vitambaa. "Nitoe, mke wangu. Sina nguvu tena."

Saa tatu asubuhi, Jumamosi, Hilary alikuwa mbele ya kiti cha Bi Edna kwenye nyumba ya wazee. Mwanamke wa miaka themanini na mitatu, mdogo kama kifurushi, blanketi magotini. Hilary hakujua aanze vipi. Akasema tu, "Wamelitoa gitaa ukutani."

Bi Edna alifumba macho. "Anapiga nani?"

"Mume wangu."

"Ana siku ngapi nalo?"

"Hii ya tatu."

"Wetu alikaa nalo miaka sita. Alikuwa kijana, na lilikuwa linampumzisha kidogo." Alizungumza taratibu, akiangalia mlango. "Linataka masikio, mwanangu. Halina shida na mpigaji. Wanaosikiliza ndio chakula chake. Ndiyo maana nilichoma kanda zote. Waandishi walipokuja niliwafukuza. Barua alizoniandikia yule fundi bomba nilizitia motoni. Watu wanauliza kwa nini ndugu yangu alisahaulika. Mimi ndiye nilimsahaulisha. Nimeifanya kazi hiyo miaka arobaini."

"Linatokaje? Niambie linatokaje!"

"Asibaki mtu wa kulisikiliza. Hata mmoja. Mimi nilimfungia Roy chumba cha nyuma, mitaa yote haikusikia. Lingemwacha." Akavuta blanketi mpaka kifuani. "Lakini nilikaa nje ya mlango. Alikuwa ndugu yangu, ningeondokaje? Nikakaa nikasikiliza, siku tisa. Sikio langu hili moja ndilo lililomuua."

Hilary aliendesha gari kurudi nyumbani kama kichaa. Mlango ulikuwa wazi. Kiti cha jikoni kilikuwa kitupu, na buti ya gari hilohilo, alipoifungua, haikuwa na kitu, ingawa ufunguo alikuwa nao yeye.

Aliusikia muziki kabla hajafika Wafumaji. Barabara ilikuwa imejaa watu waliosimama kwenye manyunyu bila miavuli, nyuso zimeelekea dirisha la juu. Alipanda ngazi kwa kuwasukuma, na walisukumika kama magunia. Ghorofani walikuwa wamebanana ukuta kwa ukuta, midomo wazi, na mbele yao, juu ya jukwaa la meza mbili, Barry alikuwa amekaa ameegemezwa na Gordon kama mtoto anayejifunza kukaa, ngozi imekuwa ya kijivu, kichwa kimelegea, na mikono peke yake ndiyo iliyokuwa hai.

"Gordon! Anakufa! Mtazame!"

"Shemeji, nyamaza," Gordon alisema bila kumtazama. "Anafika penyewe."

Akapiga kelele. Akamng'ang'ania mwanamke mmoja, akamzaba kibao mzee mmoja. Hakuna aliyepepesa jicho. Akachomoa waya wa spika, akazima swichi kuu, chumba kikaingia giza la mchana wa mvua, na muziki ukazidi, na yeye mwenyewe akahisi ile hamu ya kukaa chini, asikilize kidogo tu, kidogo tu halafu ataendelea, na ndipo mkono wake, ukipapasa ukuta asianguke, ulipogusa kisanduku cha kengele ya moto.

Akavua kiatu. Akavunja kioo kwa kisigino.

Kengele za jengo zima zililia kwa pamoja. Zilikuwa kelele mbaya, za chuma, za kupasua kichwa, na hakuna sikio lililoweza kushika kitu kingine. Watu walishtuka kama waliomwagiwa maji. Wakaziba masikio, wakakimbilia ngazi. Gordon alimwachia Barry akasimama akipepesa macho, akiitazama damu kwenye shati lake kana kwamba ndiyo kwanza anaiona. Hilary alimdaka mumewe akianguka. Gitaa lilidondoka, nyuzi zikakatika zote sita kwa mara moja, na shingo yake ikapasuka.

Barry hakufa. Walimlaza hospitali wiki mbili. Mkono wa kushoto walimkata vidole viwili, na daktari alisema hata kufunga vifungo vya shati kutamchukua muda. Gordon alilichoma gitaa kwa mikono yake kwenye uwanja wa baa, mbele ya wote kumi na sita, pamoja na zile santuri.

Siku ya tano Barry alipata fahamu kamili. Ilikuwa mchana, jua dogo la baridi dirishani.

"Hil," akasema. "Pale juu. Ulinisikia?"

"Nilisikia kelele tu."

"Sikupiga vizuri hata kidogo?"

Alimtazama mtu huyu aliyebeba barua za watu miaka thelathini na minne na hajawahi kupigiwa makofi. "Hapana, mpenzi. Kelele tu."

Barry akageukia ukuta akalia. Alilia kwa sauti yake mwenyewe, sauti Hilary aliyoijua tangu ujana wao, na moyo wake ukashukuru. Akaweka mkono mgongoni mwake.

Kisha akasikia kilio cha pili chini ya kile cha kwanza. Kilitoka kifua hichohicho, lakini kilikuwa cha kijana.

"Mama," kikasema. "Mama uliyekaa hapo. Lile la kwenye gitaa limeondoka, limeniacha humu. Kuna giza. Unanisikia?"

Hilary alisimama, maneno ya Bi Edna kichwani: asibaki wa kusikiliza, hata mmoja. Akafungua redio ya kando ya kitanda, akaongeza sauti mpaka mwisho, akaanza kumsimulia mumewe habari za mvua.