Gauni la Kitambaa cha Fulana

Kila asubuhi Verdiana alifagia uwanja wake, kisha akasimama na ufagio mkononi. Hakukuwa na wa kumwambia kwamba amemaliza.

Nyumba yake ilikuwa ya mwisho kwenye mstari wa kijiji kipya cha ujamaa, Nyambureti. Mwaka uliopita watu walikuwa wamehamishwa wakapangwa kando ya barabara, na majirani zake wa zamani waliangukia mstari wa mbali. Mumewe, Joram, alifariki kabla ya kuhama. Mtoto wake wa pekee, Gati, alikuwa muuguzi Musoma. Kilichobaki nyumbani ni cherehani ya Joram. Kwa cherehani hiyo Verdiana alishona kaptura za kaki za watoto wa shule. Kaptura zake zilirithiwa na wadogo mpaka wa tatu.

Mwezi wa saba Gati alituma kifurushi. Ndani mlikuwa na kitambaa cha kijani, laini, kinachovutika kama fulana. Verdiana alikuwa amejifunza kusoma katika darasa la watu wazima, basi barua aliisoma mwenyewe, mara nne.

"Mama, ushone gauni lako. Ukilivaa, upige picha kwa Method, yule mpiga picha, siku ya mnada, unitumie. Picha ya baba ninayo ukutani. Yako sina, na siku nyingine nikifumba macho uso wako haunijii vizuri."

Alikifua kitambaa, akakianika, akakikata, akakishona kwa namna aliyoijua. Kaki hufumuka nyuzi pembeni. Kwa hiyo mshona kaki hukunja ukingo mara mbili, hukaza uzi, hupiga mshono mzito. Ndivyo alivyofanya.

Zikiwa zimebaki siku tatu mnada ufike, akaliingiza gauni kichwani na kuinua mikono. Mshono wa ubavuni ukakatika, ta-ta-ta, kuanzia kwapani mpaka kiunoni.

Akakaa kitandani, nusu amevaa. Hapakuwa hata na mtu wa kumcheka.

"Hodi hapa."

Alikuwa Arafa, mke wa muuza duka la kijiji, nyumba ya pili. Yeye na mumewe walitoka Tanga. Kwa miezi minane wanawake hawa wawili walikuwa wakisalimiana kwa mbali tu. Verdiana alidhani mtu wa Pwani hana haja na mkulima. Alijifunga kanga upesi akatoka, gauni mkononi. Arafa alikuwa ameshika kigae.

"Shikamoo, Mama Gati. Moto wangu umezimika. Naomba kaa moja."

"Marahaba. Chota hapo jikoni."

Arafa hakwenda jikoni. Alitazama gauni. "Hiyo nguo imepigana na nani?"

"Na mimi. Imeshinda."

Arafa akaligeuza gauni, akapapasa mshono. "Mama Gati, hapa umeshona gunia la pamba."

"Kaptura zangu hazichaniki," Verdiana alisema kwa ukali kidogo.

"Kaptura haivutiki. Kitambaa hiki kimefumwa kwa vitanzi, kama sweta. Mwili ukikivuta kinakwenda, lakini uzi uliokazwa haukubali kwenda nacho. Lazima ukatike."

"Fundi wa Mugumu aliniambia kinataka ovaloki, ile mashine inayokata na kufunga ukingo kwa pamoja. Mimi sina. Ndiyo maana nikakunja."

"Ovaloki ni nzuri kwa aliye nayo. Mimi nilishona fulana miaka minne kwa cherehani kama hii yako. Hebu vuta ukingo huu. Unafumuka?"

Verdiana akavuta. Ukingo ulijikunja kama jani lililonyauka, lakini hakuna uzi uliotoka.

"Haufumuki."

"Basi unaukunja wa nini?"

Kaa la moto likasahauliwa. Wakakaa mkekani na wembe, wakafumua mshono mmoja mmoja. Mikunjo ilipofunguliwa, gauni likapata upana wake.

Arafa alitia sindano mpya, nyembamba, kwa sababu sindano butu huruka mishono na kutoboa vitanzi. Akalegeza uzi kidogo. Akatoa mabaki ya kitambaa. "Jaribu hapa kwanza, si kwenye gauni. Mishono iwe midogo. Kivute kidogo kwa mikono miwili kinapopita, kama unayenyoosha tu. Usikikokote."

Verdiana alishona, akavuta kipande. Mshono ulikwenda nacho ukarudi. Akavuta tena, kwa nguvu. Haukukatika.

Akashona mbavu, kisha akapiga mstari wa pili kando ya wa kwanza na kupunguza ukingo kwa mkasi. Mabegani Arafa alimwambia ashonee ukanda wa pindo la kanga kuukuu. "Mabega yakivutika, gauni litakushuka. Pindo la kanga litayashika."

Kisha akauliza, "Nani alikupima mgongo?"

"Nilijipima."

"Mtu hajipimi mgongo. Simama."

Verdiana akasimama. Tangu msiba wa Joram, hakuna mkono uliokuwa umemgusa mgongoni. Aliutazama ukuta, asionekane macho. Arafa alibana pini taratibu.

"Pindo tusikate leo," alisema mwishoni. "Litundike gauni mpaka kesho. Kitambaa hiki hushuka kwa uzito wake. Nitakuja na fimbo nikupimie kutoka chini."

"Utakuja kesho?"

"Sasa pindo litajipima lenyewe?"

Alikuja.

Siku ya mnada Verdiana alisimama mbele ya kamera, amenyooka kama nguzo.

"Cheka kidogo, mama," Method alisema. Hakuweza.

"Arafa," akaita, "njoo usimame hapa."

Arafa akaja, akamnong'oneza, "Inua mikono tuone safari hii nani anashinda." Hapo ndipo kamera ilipolia.

Wiki sita baadaye barua ilifika. "Mama, nimeiweka karibu na ya baba. Unacheka. Gauni limekukaa. Huyo aliyesimama na wewe ni nani?"

Verdiana alichukua kalamu. Nje sauti ikasema hodi.

"Karibu, moto upo," alijibu bila kuinua kichwa. Akaandika: "Ni jirani yangu."